Andazi la Mia

Juzi mwanangu wa darasa la tano aliniletea daftari la hisabati, zoezi la faida na hasara. Mama mmoja amenunua unga, sukari na mafuta, amepika maandazi, ameuza kila moja shilingi mia, tafuta faida. Akajumlisha, akatoa, akapata jibu, akalipigia mstari kwa rula. Halafu akaniuliza, "Na bibi alikuwa anapata faida shilingi ngapi?"

Nilimwambia amalize zoezi kwanza. Akamaliza, akala, akalala. Mimi ndiye niliyechelewa kulala.

Bibi huyo ni mama yangu, muuza maandazi wa Tandika, Dar es Salaam, na kibaraza chake, meza ya mbao na beseni lililofunikwa kitambaa cheupe. Ninachotaka kusimulia ni alfajiri moja tu ya Mei 2022, siku chache baada ya Idi, nilipokuwa nimelala kwake.

Mwezi wa Ramadhani mama hapiki maandazi. Asubuhi wanunuzi hawapo, na yeye mwenyewe kafunga. Kwa hiyo sisi wengine tuliona bei zikipanda kidogo kidogo, leo mia mbili, kesho mia tatu, ukinung'unika unalipa. Yeye aliziacha mahali akaja kuzikuta mahali pengine. Jioni ile alirudi sokoni, akaketi kwenye kigoda na mtandio wake bado kichwani, akatoa vitu kimoja kimoja kwenye kikapu akivipanga sakafuni. Unga wa ngano pungufu ya kawaida yake. Sukari kilo moja. Mafuta hakuchukua dumu, alipimiwa.

"Dumu la lita tano kaniambia elfu thelathini na sita," akasema. Miaka miwili nyuma alikuwa akilichukua kwa chini ya elfu ishirini, duka lile lile.

Sababu tulikuwa tunazisikia redioni kila siku. Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine tangu Februari 24, na nchi hizo mbili ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Sisi ngano yetu nyingi tunaagiza. Aprili 28 Indonesia, inayoongoza duniani kwa mafuta ya mawese, ikazuia kuyauza nje ili watu wake wapate nafuu, na zuio likadumu karibu mwezi mzima. Tanzania, pamoja na alizeti yote ya Singida na Dodoma, zaidi ya nusu ya mafuta ya kula tulikuwa tunayaagiza kutoka nje. Mei 4 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wakatangaza bei kikomo mpya za mafuta ya magari, petroli Dar es Salaam shilingi 3,148 kwa lita, na kila kinachopakiwa kwenye gari kikafuata nyuma.

Nilimweleza mama yote hayo, nikidhani kujua sababu kutampunguzia kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa kusikiliza. Akauliza, "Sasa mimi na Indonesia wapi na wapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijapata la kumridhisha mtu kama yeye.

Saa kumi alfajiri aliamka, nami nikaamka. Uani wapangaji wote walikuwa bado wamelala. Mkaa ulikuwa umeshika, karai liko pembeni, na donge alilokanda usiku lilikuwa limeumuka vizuri ndani ya beseni. Niseme hapa kwamba yale maandazi yalikuwa yameanza kupunguziwa vitu muda mrefu kabla ya siku ile. Tui la nazi lilitoka mwaka 2021, akawa anakandia maji. Sukari ikapungua kijiko kwa kijiko. Iliki peke yake hakuigusa. Aliitwanga mwenyewe kwenye kile kinu kidogo, na alikuwa anasema watu watamsamehe nazi lakini iliki hawatamsamehe. Nadhani alikuwa anajisemea yeye mwenyewe zaidi kuliko wateja.

Akachukua donge la kwanza, akalisukuma kwa mti juu ya meza mpaka likawa duara. Mkono wake ule una mazoea ya miaka, haupimi. Akakata msalaba: vipande vinne, maandazi manne, kama siku zote. Akainua kisu kwenda kwenye donge la pili, kikaishia hewani.

Akavitazama vile vinne. Sijui ni kwa muda gani, ila niliona mkaa ukianza kufanya majivu juu na yeye hajaweka karai. Kisha akavikusanya vyote vinne, akavifinyanga vikarudi kuwa donge. Akalinyunyizia unga, akalisukuma tena, safari hii pole pole, mpaka likawa jembamba kuliko kawaida. Akakata katikati. Halafu kila nusu akaigawa mara tatu. Sita.

Mama huwa hakati kwa uangalifu. Maandazi yake siku zote yalikuwa na kubwa na dogo, na watoto wa mtaa walijua hivyo, wakawa wanawahi kuchagua. Siku ile alikata kama fundi cherehani anavyokata kitambaa cha mtu. Pembe kwa pembe. Kipande kikizidi anakimega, anakibandika kwenye kingine. Hakusema neno, na mimi niliyekuwa nimeshika mwiko sikusema neno. Nilitamani atoe sauti, hata alalamike, hata amtukane muuza mafuta. Aliendelea kukata sita, sita, sita, mpaka beseni likaisha, akaweka karai jikoni.

Kulipopambazuka wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mvulana wa nyumba ya tatu, shati jeupe, kaptula ya bluu, begi limemzidi mgongo. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, umeamkaje?" Akaweka sarafu yake ya mia mezani. Mama akafunua kitambaa.

Yule mtoto akainama kwenye beseni, akayapitia maandazi kwa macho akitafuta kubwa lao. Akarudia. Akamwangalia mama, akaangalia beseni tena.

"Bibi, mbona madogo?"

"Ndiyo ya leo hayo, baba."

Akachukua moja lililokuwa karibu. Siku zote alikuwa anang'ata palepale, anaondoka anatafuna, nusu inaishia njiani na nusu anaibakiza kwa ajili ya mapumziko ya saa nne. Siku ile hakung'ata. Alilifunga kwenye kipande cha gazeti, akalitia kwenye begi zima, akafunga zipu, akaenda shule. Nilimfuata kwa macho mpaka akakata kona ya msikitini.

Hapo ndipo nilipomgeukia mama. Nikamwambia apandishe bei, auze mia mbili kama wenzake wa barabarani, akate vinne vyake kwa amani. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko inavyopaswa mbele ya mzazi, maana hasira ilikuwa imenijaa na mwenye kustahili kuipata hakuwepo pale uani.

"Mama yake kampa mia," akanijibu. "Nikimwambia mia mbili, hiyo mia nyingine akaitoe wapi?"

Mchana ule alipiga pasi ndefu. Aliniambia kashiba chai.

Yaliyofuata mnayakumbuka. Mei 14 nauli mpya za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zikaanza, daladala ya 400 ikawa 500. Siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kinapanda kwa asilimia 23.3, na pale mtaani waliokuwa na ndugu serikalini wakashangilia. Juni serikali ikaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwenye mafuta ya magari. Sibezi hata kimoja kati ya hivyo. Ila muuza maandazi hana mwajiri wa kumpandishia asilimia yoyote, na ruzuku ya petroli inapofika kwenye karai lake imeshapita kwenye mikono mingi.

Kinachonikera hasa, na nimekaa nacho miaka hii yote, ni ile takwimu. Kwa mwaka 2022 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitoa wastani wa mfumuko wa bei wa asilimia 4.3. Nilipouona nilijisikia kuitwa mwongo. Baadaye nimejifunza wanavyoupata: wana kapu la bidhaa na huduma za nchi nzima, chakula kimo, nguo zimo, mawasiliano yamo, elimu imo, kila kitu na uzito wake, kisha wanaangalia kapu zima limepanda kiasi gani. Hesabu hiyo siipingi. Kapu la mama yangu lilikuwa na vitu vinne: unga, mafuta, sukari, mkaa. Vyote vinne vilipanda pamoja, na hakikuwepo cha tano kilichoshuka cha kuvisawazisha. Kwa hiyo asilimia 4.3 inaweza kuwa kweli tupu, na alfajiri ile pia ikawa kweli tupu, na mimi nikashindwa kuvipatanisha viwili hivyo kichwani.

Halafu kuna hili. Mtu angekuja na daftari pale kibarazani, akauliza andazi shilingi ngapi, angejibiwa mia. Mwaka jana yake mia, na mwaka ule mia. Angeandika kwamba bei haijabadilika, na asingekuwa amekosea. Theluthi nzima ya andazi imeondoka na bei iko palepale. Ile theluthi aliilipa yule mtoto saa nne shuleni, na nyingine aliilipa mama kwa kushiba chai, maana hata kwa kukata sita faida haikurudi ilipokuwa. Nani anaandika hayo? Mtu wa kipato chake akipandishiwa bei, upandaji wenyewe unaingia tumboni na kukaa kimya.

Alijaribu baadaye shilingi mia na hamsini, akashindwa kwa sababu ya chenji. Hamsini zenyewe za kuokoteza, na mtoto mwenye mia mbili ukimkosesha hamsini yake umemdhulumu. Mwishowe akawa na maandazi ya aina mbili kwenye beseni moja, ya mia upande huu, ya mia mbili upande ule, na ya mia mbili ndiyo yale yale ya zamani aliyokuwa akiyauza mia. Watoto walijifunza upesi upande wa kusimama. Yule wa nyumba ya tatu alibaki upande wa mia mpaka walipohama.

Tukikutana nyumbani bado tunabishana. Kaka yangu anasema mama alikosea, kwamba angepandisha siku ile ile ya kwanza watu wangenung'unika wakazoea, kama tulivyozoea nauli. Kuna wakati naona anasema kweli. Desemba 2023 nauli ilipanda tena, 500 ikawa 600, tukalalamika wiki moja vituoni, kisha kila mtu akawa anatoa 600 yake bila kuombwa. Kama mama angefanya hivyo pengine magoti yake leo yangekuwa yamepumzishwa mapema, na pengine asingeshiba chai siku nyingi kiasi kile. Nikifika hapo kaka ananiona nimekubali, na mimi nakuwa bado sijakubali. Nauli hupandishwa na mamlaka, kwa tangazo lenye muhuri, na konda anayekudai hakujui jina wala hajui umekula nini. Mama alitakiwa apandishe yeye, kwa mdomo wake, mbele ya mtoto wa jirani anayemwamkia shikamoo kila asubuhi na mia moja mkononi. Namwuliza kaka kama yeye angeweza. Hanijibu, anaanza upya kunipigia hesabu za mafuta.