Wimbi lisilokwenda pwani

Jana, ukingoni mwa Nile upande wa Kayunga, Uganda, binti yangu aliuliza: "Baba, lile wimbi lako liko wapi?"

Nikamwonyesha maji yaliyolala kimya. Bwawa la umeme la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, lilijaza maji hadi huku yakaifunika Nile Special, wimbi ambalo waendesha kayaki, mitumbwi midogo ya kasia, walilifuata kutoka Ulaya na Marekani.

Mwaka 2014 nilikuja nikitoka Kilifi, pwani ya Kenya, nikiamini nayajua mawimbi. Kwetu unautazama mwezi, bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, limefika au bado. Huku waliuliza mabwawa ya Jinja, kule juu mtoni, yamefungulia maji kiasi gani.

Nikaingia nikipiga kasia kwa nguvu zote, maana baharini wimbi husafiri na usipolingana nalo mwendo litakuacha. Kijana aliyenifundisha akapaza sauti kutoka kando: "Kaka, acha kupiga! Haliendi popote!"

Nikaacha.

Kayaki ikatulia. Uso wangu ulielekea kule maji yanakotoka, povu likinguruma mgongoni. Chini yangu mto ulipita mbio, wa kijani, laini kama kioo, nami niko palepale, miti ya ng'ambo haisogei hata kidogo. Baharini ni wimbi linalopita na maji hubaki karibu palepale. Hapa maji yalipita, wimbi likabaki. Yaliteremka juu ya mwamba yakishika kasi, yakagonga maji ya polepole yaliyo mbele, yakainuka. Matone yalinirukia mdomoni, nikangoja chumvi. Haikuja.

Sijui nilikaa muda gani. Pwani, sekunde chache tu na mchanga unakupokea. Hapa hapakuwa na mchanga, na mimi sikuwahi kujifunza kushuka kwenye wimbi. Siku zote lilikuwa limenishusha lenyewe. Hofu ikanijia hapo, katikati ya furaha ile. Nikalalia ubavu ulioelekea mkondo, maji yakaunasa, nikapinduka.

Yaliyobaki ni kukohoa na kuvutwa kando.

Isimba inatoa megawati 183, na taa yetu huenda inawaka kwa maji yaleyale. Siwezi kusema bwawa halikupaswa kujengwa. Siwezi pia kupita hapa bila kifua kubana.

"Maji yakipungua litarudi?" binti yangu akauliza.

Nikamwambia mwamba wake bado uko pale chini.