Ubao wa kwanza umekaa: mashua yangu, wiki ya 19

Umekaa.

Jana saa kumi na moja jioni niliandika neno hilo kwa chaki ukutani mwa banda, na leo kabla ya chai nimerudi kuhakikisha kwamba ubao haukujitoa usiku. Haukujitoa. Ubao wa kulia, ule wa kwanza kabisa unaolala juu ya mkuku (uti wa chini wa mashua), umeingia kwenye mfereji wake kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Upande wa ndani umebana hata wembe haupiti, na nje kuna mwanya ule ule niliokusudia kuuacha kwa ajili ya kalafati, ile pamba ya kuziba mianya. Nilipitisha kidole urefu wote wa mashua, nikarudi, nikapitisha tena.

Wiki sita nimepigana na ubao huu mmoja. Mkuku na hanamu (mti unaosimama mbele kabisa), vyote vya mvule, vilisimama bila taabu. Mataruma, yaani mbavu za mashua, ya mwembe yalinichukua mwezi na nusu kwa sababu nilikuwa natafuta matawi yenye pembe yake ya asili, na hiyo ni kazi ya miguu zaidi kuliko ya mikono. Kisha nikafika kwenye mbao, na mbao tatu zikapasuka mikononi mwangu, zote mahali pale pale: kati ya taruma la pili na la tatu kutoka omo. Hapo ubao uliokuwa umelala karibu bapa unatakiwa usimame wima ndani ya futi tatu. Kila aliyewahi kuunda chombo anapajua. Mashua yangu ina futi 12 tu, kwa hiyo msokoto ambao chombo kikubwa huugawa taratibu, kwangu umesongamana kwenye kipande kifupi.

Wa kwanza kupasuka ulikuwa mvule, unene wa robo tatu ya inchi. Kosa lilikuwa la kuchagua mti. Nyuzi za mvule hupishana, safu moja inaelekea huku na inayofuata inaelekea kule. Kwa mkuku hiyo ni sifa, kwa msokoto ni balaa. Ulitoa mlio mmoja mkavu, ufa ukakimbia kwa mshazari hadi kwenye tundu la msumari. Wa pili ulikuwa mtiki uliokaushwa kwenye tanuri. Mbao za namna hiyo ni nzuri kwa makabati na milango, lakini hata ukizipika kwa mvuke hazirudishi ulaini wake wote.

Wa tatu ndio ulioniuma. Ulikuwa mtiki wa Longuza, kule Muheza, umekaushwa kivulini, nyuzi zimenyooka mwanzo hadi mwisho. Niliupika kama inavyotakiwa, kwa kanuni ya saa moja kwa kila inchi ya unene, maana yake dakika 45 kwa ubao wangu. Sanduku la mvuke nimelitengeneza kwa mbao za msindano, na mvuke unatoka kwenye dumu la chuma lililo juu ya jiko la mkaa na kupita kwenye mpira wa rejeta. Mwisho wa sanduku kuna tundu la kupumulia, tena lisizibwe hata kidogo, maana mvuke ukikosa njia utaifanya njia. Yote yalikwenda sawa. Banda zima lilinukia mtiki wa moto, ile harufu ya ngozi mpya. Ubao ukatoka, nikaufunga katikati, nikaanza kuuvuta kuelekea omo, klampu moja, ya pili, ya tatu, na nilipokuwa nafika kwenye hanamu ulikuwa umeshapoa. Ukapasuka. Nilizima jiko, nikafunga banda, sikuingia tena siku nne.

Jumamosi nikaenda Kigombe, kijiji cha pwani, na picha za nyufa zote kwenye simu. Nilimkuta mzee mmoja anayeunda mashua ufukweni, nikamwamkia, nikamwonyesha. Alizitazama moja moja, tezo mkononi, wala hakuniuliza habari za mvuke.

"Ulianza kufunga wapi, mwanangu?"

"Katikati, mzee."

"Basi umejinyima mkono. Anzia kwenye hanamu. Huo ubao wote unaobaki nyuma ndio mkono wako wa kusokotea."

Nilikaa na maneno hayo njia nzima ya kurudi Tanga. Wiki sita nilikuwa nausokota ubao kwa kushika ncha fupi, ilhali futi tisa za ubao huo huo zilikuwa zinaning'inia bure nyuma yangu.

Lakini kuanzia kwenye hanamu kulikuwa na tatizo lake. Hanamu imekatwa kwa mshazari, na klampu haina pa kung'ata, inateleza kila ukikaza. Hapo ndipo nilipokumbuka mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba. Nikatoboa matundu manne karibu na ncha ya ubao, na mengine manne yanayolingana nayo, yakipita hanamu upande hadi upande. Kila jozi nikaipitisha kamba, ncha zote mbili nikazifunga kwa upande wa pili kwenye kijiti. Ukizungusha kijiti, kamba inajisokota na kuwa fupi, ubao unavutwa. Nguvu yake ni ya ajabu. Kijiti cha urefu wa kiganja kimefanya ambacho klampu sita hazikuweza.

Jana tukaingia kazini wawili. Mimi omo na vijiti vyangu, mwanangu wa kwanza tezi, ameshika mpini tuliofunga kwenye ubao, anausokota polepole kadiri ninavyokaza. Ubao ulilia mara moja, mlio mrefu wa chini, nami nikasimama nikazuia pumzi. "Unakwenda, baba, unakwenda!" Na kweli ulikuwa unakwenda. Taruma la pili ukaligusa, la tatu ukalikumbatia. Tukapiga misumari tukitokea mbele kurudi nyuma, kila msumari umevingirishwa pamba iliyochovywa mafuta ya nazi, kama nilivyoona wanavyofanya Kigombe.

Niseme kuhusu vifaa. Matundu yote nimeyatoboa kwa keke, drili ya mkono. Drili ya betri ninayo, lakini kwa ubao wa kwanza siiamini. Haikuambii inapokaribia kutokea upande wa pili, na ukiona imetokea imeshabandua kibanzi. Keke unaisikia kwenye kiganja. Randa vilevile, ya mkono tu. Mtiki una chembe ngumu kama mchanga ndani yake zinazoua makali, kwa hiyo kinoo kinakaa kwenye meza ya kazi na kila ubao naurudia mara mbili au tatu. Klampu za bei rahisi sinunui tena. Mbili zimeliwa skrubu wiki hii, moja ikiwa imebeba ubao wa moto.

Mpango ulikuwa nianze mara moja ubao wa kushoto, halafu nichonge mlingoti. Badala yake leo nimekaa kutwa nzima na kamba. Mitepe ya Lamu na ya Wabajuni ilishonwa yote kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja, na ikabeba watu na mizigo katika bahari hii hii. Jana nimeziona nyuzi nne zikiutii ubao ambao chuma kilishindwa nao, na siwezi kuacha kuliwaza jambo hilo. Nimechukua vipande viwili vya mtiki uliopasuka, nikavishona ubavu kwa ubavu kwa kamba ya makumbi, katikati nikaweka utepe wa nyuzi hizo hizo. Juu yake nimegandisha ukuta mdogo wa mbao na kumimina maji ya bahari. Saa nne asubuhi nilihesabu matone 31 kwa dakika. Alasiri yalikuwa 12. Sasa hivi, taa ikiwa imeshawashwa, ni 5, na kamba zimevimba zikajaa matundu yake.

Mvinje wa mlingoti bado umelala kando ya ukuta na magome yake. Ubao wa kushoto umeshakatwa. Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla upepo haujaanza kulipoza banda, unaingia sandukuni.