Injini ilivyopoteza nguvu futi 400, na wale wa "geuza tu urudi"

Aliyeanzisha huu ushauri wa "injini ikizingua baada ya kuruka geuza tu, runwei si iko hapo nyuma" sijui alikuwa anarusha nini. Mimi niliambiwa na watu wenye masaa mengi kunizidi, tena kwa kujiamini.

Bahati mwalimu wangu mbishi. Tukapanda na Cessna 172, kindege cha injini moja, akasema futi 3000 ndo ardhi yetu leo, tukapaa tukapita hapo, kufika 3500 akavuta throto kukata nguvu ya injini. Nikageuza palepale kishujaa, akacheka, ati rudia, ila hesabu kwanza mpaka nne maana siku ikikukuta kweli utaduwaa tu unaangalia geji. Weee! Kufika nne kasi ishaporomoka, nikasukuma pua chini, nikalaza mabawa digrii 45, na hapo mwalimu ananikumbusha kasi ya kustoli (ile ambayo ukishuka chini yake mabawa hayabebi tena) imepanda karibu asilimia 20 kwa hiyo nisivute usukani, halafu kumbe digrii 180 hazitoshi, ukimaliza uko pembeni ya runwei inabidi uzidi kugeuka ndo urudishe. Nilipoinyoosha geji inasoma chini ya 3000, yaani tumeshazikwa zamani na bado natafuta runwei.

Sasa siku yenyewe, kama futi 400, injini ikaanza kutetemeka na nguvu ikapungua vibaya ila haikuzima. Hiyo ndo mbaya, ikizima kabisa imekuamulia, hii inakubembeleza mgeuke wote. Pua chini, kasi noti 65 (maili za baharini kwa saa), nikajaribu tangi, magneto za kuwasha plagi, joto la kabureta, wapi. Mbele kulia kidogo kuna shamba limeshavunwa, nikasema hapohapo. Flapu (vile vibawa vya nyuma ya bawa) za 172 nyingi ni za umeme jamani, zishushe zote kwanza ndo uzime masta, swichi kuu ya umeme, na milango ifungue kabla hujagusa chini, fremu ikipinda haifunguki. Nikakata mafuta, tukarukaruka kwenye matuta tukasimama. Gurudumu la mbele lilipinda, mimi na abiria wangu wazima, yeye kiatu kimoja hatukukiona.

Fundi akakuta vali ya ekzosti imekwama. Na ile injini asubuhi ikiwa baridi ilikuwa inakohoa kidogo ikiwashwa, nimeiripoti, jibu "ikipata moto inatulia". Mkijibiwa hivyo msiruke nayo, mwambieni mwenye ndege aanze yeye. Bili sikuonyeshwa, uso wake tu ulinitosha.