Kofia ya Mariners

Nilipohamia Seattle mwaka 2004, mzee jirani yangu alinipa kofia ya Mariners, timu ya besiboli ya jiji hilo, na kunionya kwamba nitaizoea huzuni kabla ya kuzielewa kanuni za mchezo huo, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Timu hiyo, iliyoshinda michezo 116 mwaka 2001, haikuonekana tena katika hatua ya mtoano hadi mwaka 2022, na kofia yenyewe ilikuwa imekwisha kupauka. Usiku wa Septemba 30 mwaka huo, mchezo dhidi ya Oakland ukiwa sare ya 1–1 katika awamu ya tisa, ile ya mwisho, mchezaji wetu Cal Raleigh aliupiga mpira ukavuka ukuta, tukashinda na kufuzu, nami nikajikuta nimemkumbatia mtu nisiyemjua, nikilia kama aliyefiwa. Mzee wangu alikuwa ameshafariki. Asubuhi nilipita mlangoni pake nikiwa nimeivaa kofia ile.