Kuizunguka dunia nikitokea Dodoma: nilipofikia

Wiki ya kwanza baada ya mahafali

Joho nimelirudisha Jumatatu, na kufikia Jumatano watu watatu walikuwa wameshaniuliza nimeomba kazi wapi. Nimewajibu kwamba naomba. Ninachoomba kwa kweli ni mwaka mmoja tu, nizunguke dunia kabla sijafungwa na meza.

Nimeanza na nilichonacho: mpira wa mdogo wangu, saizi ya 5, maka peni na uzi wa kushonea. Nimechora mabara kwa macho (Afrika imekaa vizuri, Asia imenishinda). Mpira huu una mzunguko wa kama sentimita 69 na dunia ina kilometa 40,075 kwenye ikweta, kwa hiyo sentimita moja ni karibu kilometa 580. Dodoma hadi Dar haijai hata hiyo sentimita. Nikaangalia pia upande wa pili kabisa wa Dodoma, kwamba ukitoboa ardhi hapa Area D utatokea wapi. Unatokea majini, katikati ya Pasifiki, kusini-mashariki ya Hawaii. Hakuna hata kisiwa cha kushika.

Wiki ya tatu

Nimesoma habari za tiketi za kuzunguka dunia. Zinauzwa na miungano ya mashirika ya ndege, kama Star Alliance, ambamo Ethiopian nao wamo, na oneworld. Masharti yanafanana: uende upande mmoja tu, mashariki au magharibi, uvuke Atlantiki na Pasifiki, umalizie nchi uliyoanzia, na usizidishe mwaka. Wengine wanapiga bei kwa maili, wengine kwa idadi ya mabara.

Mimi nilishaamua kwenda mashariki. Uzi ulikuwa unapita Malaysia na Singapore, kisha Japani, Marekani, Ulaya, nyumbani. Ulipendeza sana juu ya mpira.

Wiki ya tano, pasipoti

Hapa nimekaa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Fomu unajaza mtandaoni, ada ni shilingi 150,000, unaambatanisha namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Tatizo ni kwamba cheti changu kinasema Emmanuel na kitambulisho kinasema Emanuel. M moja. Aliyeandika siku ile sijui alikuwa na haraka gani, na mimi nilipokipokea sikusoma, nilitazama picha tu kama kila mtu.

Dirishani pale ofisi ya pasipoti, dada akaweka karatasi mbili sambamba, akapitisha kalamu juu ya herufi moja moja, akafika hapo akasimama. "Kaka, huyu na huyu ni watu wawili." Nikamwambia wote ni mimi. Akacheka, akanirudishia. Ikabidi niende kwa wakili nikaape kwamba Emmanuel na Emanuel ni mtu mmoja, muhuri ukagongwa, nikarudi. Wiki mbili zimeondoka kwa sababu ya m.

Kama unasoma hili na huna safari yoyote, toa vyeti vyako sasa hivi uvilinganishe.

Wiki ya nane, uzi umegeuka

Pasipoti ninayo. Nimekaa nayo usiku mzima na mpira magotini, na nimegundua kwamba njia yangu niliichora kinyumenyume.

Malaysia na Singapore hatuhitaji viza kwa matembezi mafupi. Ulaya ya Schengen, zile nchi zinazotumia viza moja, tunahitaji, na maombi hayapokelewi ikiwa siku ya safari iko mbali zaidi ya miezi sita. Tena unatakiwa kuomba ukiwa nchi unayoishi kihalali, si popote ulipopita na begi. Sasa nikianzia mashariki, Ulaya nitaifikia mwezi wa nane wa safari. Nikiwa bado Dodoma, ni mapema mno kuomba. Muda wa kuomba ukifika, niko Kuala Lumpur na mimi si mkazi wa huko. Marekani nayo, hata ukitaka kubadilisha ndege tu uwanjani bila kutoka nje, viza lazima.

Nikaufungua uzi wote nikaanza upya kuelekea magharibi. Viza ngumu zinakuja mwanzoni, nikiwa bado karibu na nyumbani, na barua ya benki ikiwa mbichi. Zisizohitaji viza zinabaki mwishoni, wakati hela imeisha na nguvu pia. Marekani nimeiondoa. Sasa ni Ureno, Brazil, Chile, halafu kipande kirefu cha Santiago hadi Auckland, Singapore, Malaysia, nyumbani.

Ukienda magharibi unarefusha siku kidogo kidogo, halafu ukivuka mstari wa tarehe kule Pasifiki unapokonywa siku nzima. Nilimweleza mama. Akafikiri, akauliza siku gani itakayopotea. Nikasema sijui bado. "Isiwe Jumapili tu."

Wiki ya kumi na moja

Niko Mpunguzi kwa mjomba, navuna zabibu. Nalipwa kwa kreti. Siku ya kwanza nilikata vichala kama ninavyochuma mchicha, mjomba akaninyang'anya mkasi: unashika kikonyo, hugusi punje, ule unga mweupe juu ya zabibu ukifutika mnunuzi anajua imeshikwashikwa. Jioni vidole vinanata mpaka simu haikubali kufunguka.

Nilimwonyesha njia yote kwenye karatasi. Aliitazama kwa heshima, akaifuata kwa kidole hadi mwisho. "Kwa hiyo ukishazunguka kote huko, unarudi hapa hapa."
"Ndiyo, mjomba."
"Basi mimi nimeshafika."

Kwenye kibubu na benki jumla ni shilingi 1,840,000. Tiketi bado iko mbali sana, sijidanganyi. Nimejipa misimu miwili zaidi ya zabibu, na kati yake kazi yoyote itakayotokea, hata ya meza.

Wiki ya kumi na mbili

Nimelipima begi soko la Majengo, kwenye mizani ya muuza karanga. Kilo 11.4, na mashirika mengi mkononi wanataka 7. Mama wa karanga akauliza nahamia wapi. Nimetoa viatu vya pili, suruali ya jinsi na kitabu kimoja. Shuka la kimasai limebaki.

Jambo jingine dogo: tiketi ikiandika Jumanne 01:15, ni saa saba na robo usiku wa kuamkia Jumanne, yaani Jumatatu jioni uwe umeshafika uwanjani. Nimeiandika ukutani.

Leo

Nimerudi kutoka Mpunguzi nikakuta mpira haupo. Mdogo wangu aliubandua uzi akaenda nao kwenye mechi ya mtaa, na wameshinda 3 kwa 1. Afrika inaonekana bado. Amerika Kusini yote imebaki kwenye vumbi la uwanja, na New Zealand siioni. Maka peni nayo imekauka.