Pilau yangu leo imepata mwanga
Miezi yote hii nilikuwa napiga picha za pilau ya oda usiku, chini ya taa ya jikoni. Nyama inatoka ya njano, wali umefubaa. Inauma, maana chakula chenyewe kitamu!

Leo saa nne asubuhi nimesogeza meza dirishani, nikazima taa zote, nikashusha pazia jeupe jepesi kupunguza ukali wa jua. Mwanga ukawa unaingia kwa ubavuni. Upande wa kivuli nikasimamisha karatasi ya manila nyeupe, irudishe mwanga kwenye chakula. Jamani! Punje moja moja inaonekana, hadi iliki na mvuke. Kachumbari nimeiweka mwisho kabisa, nyanya bado zinang'aa. Ile sahani ya maua nimeirudisha kabatini, ilikuwa inashindana na chakula.