Tulivyouchagua Babati

Mume wangu anatengeneza friji, mimi ni fundi cherehani. Tulikuwa tukiishi Mbagala, Dar es Salaam, na watoto wawili pamoja na mama mkwe, ambaye ana sukari na presha na hawezi kukaa mbali na hospitali. Kodi ya nyumba na kodi ya fremu zilikuwa zinamaliza karibu kila tulichopata, na binti yetu alikuwa anatoka alfajiri kwenda shule, jioni anarudi hoi. Kuhama tulikubaliana mapema. Tulikohangaika ni pa kwenda.

Kila tuliyemuuliza alitutajia mji aliowahi kwenda kutembea. Lakini mji wowote ni mzuri ukiuona Desemba, umealikwa harusini na pilau iko jikoni. Mama mkwe, ambaye ni Mrangi wa Kondoa na amelima karibu maisha yake yote, ndiye aliyetupa kipimo. "Wanangu, mji nendeni mkauone mwezi wake wa shida. Mkiuweza huo, mingine itapita tu." Tangu hapo kila mji tuliokuwa tunaufikiria tuliulizia kwanza shida yake huja lini, ndipo tukapanga safari.

Lushoto tulikwenda wakati wa masika. Barabara ya kupanda kutoka Mombo, kupitia Soni, ni kona tupu na mlima umekukalia kichwani. Mvua zikizidi, udongo na mawe huweza kuporomoka na kuziba njia. Mimi niliupenda sana mji ule. Mboga ni nyingi, kuna plamsi na pichesi ambazo Mbagala tunaziona kwa nadra, na watu wake ni wapole. Nikajiuliza: je, mama akizidiwa usiku wa Aprili na barabara imefungwa, na hospitali ya Lushoto imetuandikia rufaa, tutashukaje? Halafu kuna riziki ya mume wangu. Alizunguka madukani akarudi ananiambia, "Mama Zuhura, huku baridi hii nani atanunua maji ya friji?" Hatukubishana.

Tukuyu niliitaka kwa ajili ya ndizi, maziwa na ardhi yake isiyokauka. Lakini huko mvua ndiyo maisha yenyewe, miezi mingi ya mwaka, na mama angekuwa mbali mno na ndugu zake wa Kondoa. Tuliiacha bila hata kufunga safari.

Katesh nayo ilikuwa kwenye mazungumzo yetu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, yakapita kwenye makazi ya watu na kuua makumi ya ndugu zetu. Sisemi kwamba Katesh si mahali pa kuishi, wapo walionyanyuka wakajenga upya na nawaheshimu sana. Ila baada ya siku ile hatukuweza tena kutazama kiwanja bila kuuliza maji ya mvua yanatoka wapi na yanapita wapi.

Ikabaki Babati. Ukiangalia ramani utaelewa kwa nini fundi wa friji aliupenda. Ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, na ni njia panda: barabara ya Arusha, ya Singida kupitia Katesh, na ya Dodoma kupitia Kondoa, zote za lami. Kondoa iko umbali wa saa mbili hivi kwa gari, kwa hiyo mama yuko karibu na kwao. Na ukishuka upande wa Magugu, kwenye mashamba ya mpunga, kuna joto kweli, na kila duka lina friji ya soda.

Babati ina miezi ya shida ya aina mbili, na tuliiona yote. Wa kwanza ni ule wa kiangazi, vumbi likipulizwa barabara za mitaani na mabomba yakitoa maji kwa zamu. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo naliambia kila mzazi anayefikiria kuhamia ukanda wa Arusha na Manyara: angalia meno ya watoto waliozaliwa hapo. Sehemu nyingi za ukanda huu maji yake ya ardhini yana floridi nyingi, na mtoto akiyanywa miaka ya utotoni meno hutoka na madoa ya kahawia yasiyosafishika. Ikizidi zaidi huathiri hata mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na floridi hutofautiana sana kati ya kisima na kisima, hata vya jirani. Mtoto wetu wa kiume alikuwa bado ana meno ya utoto. Tulichukua maji ya bomba la mtaa tuliokuwa tunautaka tukayapeleka maabara ya maji yakapimwe, na hatukulipa kodi ya nyumba mpaka majibu yalipotoka mazuri. Ndugu za mume wangu waliona tunajisumbua. Mimi naona ile ndiyo pesa tuliyoitumia vizuri kuliko zote.

Shida ya aina ya pili ni ya mfukoni. Pesa ya Babati ina msimu. Mahindi yakivunwa, na baadaye mbaazi, mji unachangamka: watu wanashona, wanaoa, wanaezeka nyumba. Ikifika Januari mpaka Machi magunia yamekwisha ndani, na ndio wakati huohuo sare za shule zinahitajika. Mama mmoja anayeuza vitenge sokoni alinieleza ilivyokuwa mwaka 2017, India ilipozuia kuingiza mbaazi nyingi na bei ikaanguka, wakulima wakabaki na magunia. "Mwaka ule, mwanangu, hata waliokuwa na harusi waliahirisha. Sisi mjini tunakula shamba hata kama hatulimi." Kwa hiyo nilijua kabla ya kufika kwamba lazima nishone sare miezi ya mavuno, wazazi wakiwa na hela, wanilipe kidogo kidogo. Na nguo nyingine nizipeleke minadani vijijini, nisikae nasubiri mteja dukani.

Shule ilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani, ila inataka mpango. Zuhura alikuwa darasa la tatu. Mwaka unaofuata angekuwa na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na mtoto husajiliwa kwa namba yake ya PREM, ile inayomtambulisha kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, kwa hiyo kumhamisha katikati ya mwaka wa mtihani ni kujitafutia usumbufu. Tulisubiri amalize la tatu, tukaomba uhamisho akaanza la nne Januari pamoja na wenzake. Sasa hivi anatembea kwa miguu kwenda shule, na uwanjani ameanza kuokota maneno ya Kiiraqw na Kigorowa kwa wenzake.

Hospitali niliikagua mwenyewe. Nilikaa asubuhi nzima kwenye foleni ya kliniki ya sukari nikiwauliza wagonjwa mambo mawili: dawa huwa zinakosekana mara ngapi, na kama bima yao inapokelewa dirishani bila maneno. Ukweli wa namna hiyo hauupati kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni.

Tulipohamia tulibeba barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wa Mbagala tukampelekea mwenyekiti wa mtaa mpya. Alitukaribisha vizuri, lakini kwa majirani swali lilikuwa moja: "Mmekuja kwa nani?" Mji mdogo unataka kukujua ukoo. Mama mkwe ndiye aliyelijibu kwa niaba yetu sote. Ndani ya muda mfupi alikuwa amepata Warangi wenzake msikitini, na msiba wa kwanza mtaani tulikwenda familia nzima, mimi nikiwa jikoni na akina mama mpaka usiku. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena.

Nyumba bado ni ya kupanga, na tulikusudia iwe hivyo. Kununua kiwanja kabla hujaona mvua za mji hatukutaka, hasa Babati, ambako kuna ziwa lenye viboko karibu kabisa na makazi. Masika yalipofika nilimwomba mzee mmoja wa mtaa wetu anioneshe maji yalifika wapi mwaka 1990, Ziwa Babati lilipofurika likaingia mjini.

"Shikamoo baba, naomba unioneshe kwa mguu, sitaki kuambiwa tu."

"Marahaba. Haya, vaa viatu vya matope."

Alinitembeza taratibu akinionesha kona kwa kona, nyumba ipi ilianguka na ipi ilisimama. Viwanja kadhaa nilivyokuwa nimevipenda kwa sababu ya bei yake vilikuwa ndani ya mpaka ule wa maji. Tuliviacha vyote. Tumepata kingine juu zaidi, kimepimwa na kina namba, ni kidogo kuliko tulivyotaka na kimetugharimu zaidi. Umeme pia umetuuma. Upande wa kijijini wanaunganishwa kwa shilingi 27,000, lakini sisi tuko ndani ya mji na gharama yake inapita laki tatu. Malipo ya kiwanja tumeyafanya kwa maandishi mbele ya mwenyekiti na mashahidi wa pande zote mbili, na maombi ya hati yako ofisi ya ardhi. Mavuno haya tunachimba msingi.